Namna ya Kutengeneza Sila Iliyoharibika kwenye Mishono ya Bodi ya Gari

Kila masika yanapokaribia, maswali huja yaleyale. Mmoja anauliza kwa nini zulia la gari lake limeloa ilhali vioo vyote vilikuwa vimefungwa; mwingine ameinua tairi la akiba akakuta dimbwi la maji chini yake; wa tatu ameona mstari wa kutu ukichungulia ukingoni mwa mlango, na rangi ingali nzima kila mahali pengine. Katika magari mengi ya aina hii niliyoyafungua hapa Mombasa, chanzo kilikuwa sila ya mishono iliyopasuka au kubanduka, na mara nyingi juu yake palikuwa na sila nyingine mpya iliyopakwa bila kuondoa ile mbovu. Nimeandika mwongozo huu kwa mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii na anataka kuifanya mara moja ikamalizika.

Mshono ni mahali ambapo mabati mawili ya bodi yamelaliana na kuchomelewa kwa vitone. Kati ya kitone na kitone hubaki mwanya mwembamba, na mwanya huo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Sila ni utomvu mzito unaoziba mwanya huo na kubaki laini kama mpira, ili bodi inapojinyonga barabarani usipasuke. Hiyo ndiyo nadharia yote utakayoihitaji.

Gari la Pwani lina adui ambaye gari la bara halimjui sana. Upepo wa bahari hubeba chumvi mpaka ndani ya bodi, na anayevuka Likoni kila siku hupita juu ya lango la feri lililoloa maji ya bahari. Aidha, magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, na yale yaliyotoka sehemu zake za kaskazini yamepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini miaka 8 inatosha kabisa kwa kutu kuanza chini ya sila bila mtu kuiona.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni sila

Usinunue chochote kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Zulia la mbele linaweza kuloa kwa sababu bomba la kutolea maji ya AC limeziba, jambo la kawaida sana katika mji huu ambapo AC haizimwi. Dalili yake ni kwamba gari huloa hata wiki ambayo mvua haikunyesha. Buti linaweza kuloa kwa sababu gasketi za taa za nyuma zimekakamaa. Mlango unaweza kujaa maji kwa sababu matundu yake ya chini yamezibwa na mchanga na majani ya mwarobaini, na hapo sila haina kosa lolote.

Ili kupata uhakika, toa zulia na plastiki za ndani za sehemu unayoishuku, kausha bati, kisha nyunyizia poda ya mtoto kwenye mshono kwa upande wa ndani. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira wa kawaida kutoka nje, akianzia chini na kupanda juu taratibu, akitumia dakika tatu hadi tano kila mahali. Anayeanza juu huona maji yakichuruzika kotekote na hawezi kujua yameingilia wapi. Maji yakipenya, huchora mstari kwenye poda, na mstari huo ndio utakaokuonyesha mlango wao. Usitumie mashine ya kuoshea magari yenye shinikizo, kwa maana itasukuma maji kupita hata kwenye raba zilizo nzima na kukupoteza.

Sehemu za kutazama kwanza ni mfereji wa paa, ukingo wa chini wa milango pale bati la nje lilipokunjwa na kulikumbatia la ndani, mfereji wa buti chini ya raba, ndani ya matao ya magurudumu, chini ya betri, na pembe za sakafu. Sila mbovu huonekana kwa nyufa nyembamba, rangi iliyovimba kando yake, doa la kutu linalochuruzika, au ncha iliyojinyanyua. Ibonyeze kwa kijiti cha plastiki: iliyo nzima hurudi mahali pake, na iliyokufa humeguka au huinuka kama ganda.

Unachohitaji kuwa nacho

- Katriji ya sila ya mishono na bunduki yake ya kusukumia.
- Praima ya epoksi (rangi ya kwanza inayokinga chuma) pamoja na hadna yake, yaani dawa ya kuikaza.
- Dawa ya kugeuza kutu.
- Dawa ya kuondolea mafuta kwenye bati, na vitambaa safi visivyotoa nyuzi.
- Mashine ya kupuliza hewa moto.
- Skrepa ya plastiki na moja nyembamba ya chuma, brashi ya waya ya mkono, na msasa namba 80, 180 na 320.
- Tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi.
- Brashi ndogo ya rangi yenye nywele ngumu, iliyokatwa ikabaki fupi.
- Rangi ya gari lako kwa namba yake. Namba hiyo iko kwenye kibati cha gari, ama chini ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango. Toyota huiandika kando ya herufi C/TR.
- Nta ya kupulizia ndani ya bodi, ile yenye mrija mrefu.
- Glovu, miwani, na barakoa yenye chujio za mvuke. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.
- Stendi za jeki, iwapo utaingia chini ya gari.
- Mitungi miwili ya lita 20 ya maji yasiyo na chumvi.

Hilo la mwisho si dogo kama linavyoonekana. Visima vingi vya kisiwani na kandokando yake vina maji ya chumvichumvi, na gari linalooshwa kwa maji hayo kabla ya kupakwa rangi limepakwa chumvi kwanza. Nunua mitungi miwili kwa muuza maji wa mkokoteni mwenye maji matamu, au tega maji ya mvua.

Kuchagua sila

Kwa anayeanza, ninapendekeza sila ya poliyurethani ya katriji moja, au ile ya polima ya MS. Zote mbili hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, hazihitaji kuchanganywa, na hupokea rangi. Ya polima ya MS haina aisosianeti, kemikali inayodhuru kifua, kwa hiyo ni nafuu kwa mapafu; ya poliyurethani hupatikana kwa urahisi zaidi. Kwa mfereji wa paa ulio tambarare kuna sila nyepesi inayojisawazisha yenyewe, lakini usiitumie mahali palipoinama, kwani itatiririka. Tazama tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye katriji, na uibonyeze kidogo: ikiwa ngumu kama mti, imeshakauka dukani kutokana na joto, hata kama tarehe haijafika.

Usitumie silikoni ya bafuni. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi. Rangi haishiki juu ya silikoni, nyingine hutoa asidi inapokauka na kuchochea kutu, na mabaki yake yakisambaa kwenye bodi, fundi wa rangi atakayekuja baadaye ataona rangi yake ikifanya vijicho, yaani vishimo vidogo vya mviringo, kila mahali. Usitumie filla wala puti, kwa kuwa hukauka ngumu na kupasuka mshono unapocheza, na ikishapasuka hunyonya maji. Lami nayo huonekana imeziba vizuri kwa siku za mwanzo, kisha hukakamaa, ikabanduka upande mmoja na kuyafungia maji ndani. Kuhusu gundi ya vioo vya gari, ambayo huulizwa sana, ni jamaa ya poliyurethani, lakini ni nzito, hailainiki vizuri kwa brashi, na mimi huiacha ifanye kazi yake ya vioo.

Kuchagua siku

Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndiyo miezi mizuri kupita yote kwa kazi hii. Ukilazimika kuifanya wakati wa kusi, tafuta banda lenye paa. Usianze alfajiri: bati huwa bado lina baridi ya usiku na umande, hata pale ambapo jicho halioni maji. Subiri mpaka saa tatu au saa nne asubuhi. Usifanye kazi kwenye jua kali pia, maana bati likiwa moto praima huchemka na sila hushika ngozi kabla hujailainisha. Kivuli cha banda ni bora kuliko cha mti, kwani mti hudondosha utomvu na vumbi.

Panga siku mbili nzima. Siku ya kwanza ni ya kufungua, kusafisha na kupaka praima. Siku ya pili ni ya sila na rangi. Sharti moja nakuomba ulishike: bati lililo wazi lisilale usiku bila praima. Katika hewa yetu, chuma kilichosuguliwa asubuhi huweza kuwa na rangi ya chungwa kabla ya magharibi.

Hatua za kazi

1. Osha. Osha eneo lote kwa sabuni na maji, ukiingiza brashi kwenye pembe, kisha suuza kwa maji yasiyo na chumvi mpaka mitungi yako miwili ikaribie kwisha. Chumvi iliyobaki chini ya praima huvuta unyevu na kuinua rangi kwa mapovu madogo baada ya miezi michache. Acha gari likauke kabisa, milango na buti vikiwa wazi.

2. Fungua njia. Ondoa zulia, viti, raba au plastiki zinazofunika mshono. Tenganisha waya wa hasi wa betri. Usiguse waya zilizofungwa kwa gamba la njano, kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa. Ikiwa mshono uko karibu na tangi la petroli au mabomba yake, mashine ya hewa moto isiwashwe kabisa hapo. Tumia skrepa na subira. Kwa kazi ya chini ya gari, liweke juu ya stendi, wala usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

3. Tafuta mpaka wa ubovu. Anza pale sila ilipopasuka na uende pande zote mbili ukiinyanyua kwa skrepa ya plastiki. Kutu husafiri chini ya sila mbali kuliko ufa unavyoonyesha; ufa wa urefu wa kidole unaweza kuficha kutu ya urefu wa mkono. Endelea mpaka ufike mahali ambapo sila imeshika bati kwa nguvu na chini yake chuma ni safi, kisha ongeza sentimita mbili au tatu. Sila nzima iliyobaki iachwe. Ile ya kiwandani ilipikwa kwenye tanuri, na hutapata nyingine kama hiyo.

4. Ondoa sila mbovu. Pasha joto kwa mashine ya hewa moto ukiisogeza bila kutulia mahali pamoja, mpaka sila ilegee, kisha ikwangue kwa skrepa. Lengo ni kulegeza, si kuchoma. Ikianza kutoa moshi umezidisha: sila nyingi za kiwandani ni za PVC, na PVC inayoungua hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na macho. Kwa sababu hiyo usitumie moto wa gesi, hata ukiwaona wengine wakifanya hivyo. Usitumie grinda pia. Sila huyeyuka na kujipaka kotekote, na diski hula bati ambalo kwa kawaida halifiki hata milimita moja.

5. Ondoa kutu. Tumia brashi ya waya, kisha msasa namba 80, mpaka chuma king'ae. Kwenye mwanya wenyewe pitisha ncha ya skrepa nyembamba na upulize vumbi. Sasa bonyeza bati kwa ncha ya bisibisi kila sentimita mbili. Likibonyea au kutoboka, simama hapo: kazi imekuwa ya kuchomelea, na sila haiwezi kuchukua nafasi ya chuma. Vilevile, shika mabati mawili ya mshono na uyatikise. Yakicheza, vitone vya kuchomelea vimekatika, na lazima virudishwe kwanza. Wakati wa kuchomelea, sila iliyo karibu iondolewe sentimita tano kila upande, na ukaguzi huu wa hatua ya tano urudiwe baadaye.

6. Tibu kilichobaki. Vishimo vidogo vya kutu ambavyo msasa haufiki vipakwe dawa ya kugeuza kutu. Fuata maagizo ya chupa kuhusu muda na kama isuuzwe au la, kwa kuwa dawa hizi hazifanani. Dawa si badala ya hatua ya tano. Ikipakwa juu ya kutu iliyolegea, itageuza ngozi ya juu tu na kuacha kutu hai chini yake. Kausha kwa hewa moto ya kiasi, ukiielekeza zaidi kwenye mwanya, ambamo maji hujificha.

7. Paka praima. Lainisha kingo za rangi ya zamani kwa msasa namba 180 kisha 320 ili kusiwe na ngazi. Futa kwa dawa ya kuondolea mafuta: kitambaa kimoja cha kupaka, kingine cha kukaushia kabla haijakauka yenyewe. Usitumie petroli, kwani huacha mafuta. Changanya praima ya epoksi na hadna kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo na upake mikono (tabaka) miwili myembamba, ukiisukuma kwa brashi ndani ya mwanya. Kupaka praima kwa brashi mahali pasipoonekana si aibu; huingia ndani kuliko ya kupuliza. Ukichagua kupuliza, vaa barakoa yako ya chujio. Iache ikauke usiku kucha.

8. Andaa mshono kwa sila. Kesho yake kwaruza praima kidogo kwa msasa namba 320, futa vumbi, na ubandike tepu pande zote mbili za mshono, ukiacha njia yenye upana unaolingana na sila ya kiwandani iliyobaki. Kabla ya hapo tazama upande wa pili wa gari. Mishono mingine huachwa wazi makusudi ili maji yatoke, na matundu ya chini ya milango ni ya lazima. Piga picha ya upande ulio mzima na uifuate. Weka njiti au kipande cha tepu kwenye kila tundu la kutolea maji.

9. Paka sila. Kata mdomo wa katriji kwa mshazari, tundu likiwa la milimita tano au sita. Shika bunduki kwa kuiegemeza, na uisogeze kwa mwendo mmoja, mdomo ukiyagusa mabati yote mawili ili sila isukumwe ndani ya mwanya badala ya kulala juu yake. Mkanda mmoja wa sila usiokatika ni bora kuliko vipande vitatu vilivyounganishwa. Fanya urefu wa nusu mita tu, kisha nenda hatua ya kumi kabla ya kuendelea, kwa sababu unyevu wa Mombasa huharakisha sila. Katriji inayoandika kwamba ngozi hushika baada ya saa moja inaweza kushika mapema zaidi hapa.

10. Lainisha na utoe tepu. Kwa kidole chenye glovu au brashi fupi, bonyeza mkanda ukingoni mwa kila bati mpaka kusiwe na ukingo ulionyanyuka. Kama sila ya kiwandani ina michirizi ya brashi, igongegonge kwa ncha ya brashi ili ifanane nayo. Usilowanishe kidole kwa mate wala maji ya sabuni. Sabuni hubaki juu na kuikataa rangi. Toa tepu sila ingali mbichi, ukiivuta kwa pembe kutoka kwenye mshono. Toa pia njiti za matundu.

11. Iache ishike. Juu itakauka kwanza, ndani baadaye. Kwa kawaida sila za aina hii hukauka ndani kwa takribani milimita tatu kwa saa 24, kwa hiyo mkanda mnene utahitaji siku mbili. Usifunge mlango kwa nguvu wala kupeleka gari barabarani siku hiyo.

12. Paka rangi. Sila isiachwe juani bila rangi. Poliyurethani hubadilika rangi na kuwa chokaa juu. Kila sila ina kipindi chake cha kupokea rangi, baada ya ngozi kushika na kabla ya uso kuwa mgumu mno, na kipindi hicho kimeandikwa kwenye katriji. Ukikipitisha, kwaruza uso kwa pedi laini kabla ya kupaka. Mikono myembamba ya rangi hujikunja pamoja na sila, na mikono minene hupasuka.

13. Linda upande wa ndani. Baada ya siku mbili, ingiza mrija wa nta kwenye milango na viboksi vya chini ya milango, upulize mpaka nta ianze kuchungulia kwenye matundu ya kutolea maji, kisha uyazibue matundu hayo kwa waya. Hatua hii wengi huiruka kwa kuwa haionekani. Sila hulinda mshono kwa nje tu. Kwa ndani, hewa yenye chumvi inaingia na kutoka kila siku. Rudisha zulia likiwa limekauka juani pande zote mbili, sifongo yake ikiwamo.

Kuhusu kupaka juu ya sila ya zamani

Mwenye gari mmoja aliniambia, "Fundi, si upake juu tu? Masika ni wiki ijayo." Gari lake lilikuwa limekwisha kupakwa hivyo mahali pengine, na kwa nje mkanda ulikuwa mzuri, wenye rangi safi. Nilipoubandua, ulitoka mzima mkononi kama utepe, na upande wake wa chini ulikuwa umebeba kutu ya kahawia yenye unyevu. Maji yalikuwa yameingia kwa ufa mwingine, yakakosa pa kutokea. Sakafu ya buti ilibidi ikatwe na kutiwa bati jipya, kazi ambayo miaka miwili kabla ingekuwa ya katriji moja. Sila mpya hushika kile ilichopakwa juu yake, na ikipakwa juu ya ganda lililokwisha kubanduka, itabanduka pamoja nalo.

Kosa jingine ni kupaka sila ya poliyurethani moja kwa moja kwenye chuma kitupu kwa haraka ya kumaliza. Itashika kwa muda, halafu kutu itaanza katikati yao. Na wapo wanaoziba kila tundu wanaloliona kwa nia njema. Mlango uliozibwa matundu hulia maji ndani gari linapokata kona, na unaoza kuanzia chini.

Ikiwa mambo hayakwenda sawa

*Sila ina mapovu au vitundu.* Bati lilikuwa na unyevu, au jua lililipasha joto sila ikiwa mbichi na kuipanua hewa iliyo chini yake. Vitundu vichache vya juu vinaweza kujazwa kwa sila kidogo baada ya kukauka na kukwaruzwa. Vikiwa vingi, kata kipande hicho na ukirudie kuanzia hatua ya nane.

*Baada ya siku tatu sila bado inanata.* Ama katriji imepitwa na wakati, ama uso ulifutwa kwa thina nyingi ambayo haikupata muda wa kuruka. Ipe siku mbili zaidi. Isipokauka, iondoe yote, haitabadilika.

*Ukingo umenyanyuka ukiwa mzima katikati.* Praima haikukwaruzwa, au dawa ya kuondolea mafuta haikutumika. Jaribu kuinyanyua zaidi kwa skrepa: ikitoka kwa urahisi, itoe yote, ukwaruze na upake upya.

*Rangi imefanya vijicho juu ya sila.* Kuna silikoni. Inaweza kuwa imetoka kwenye polishi ya dashibodi au ya matairi iliyopulizwa karibu, hata kama hukutumia silikoni kwenye mshono. Acha rangi ikauke, isugue, osha mara mbili kwa dawa ya kuondolea mafuta ukibadilisha kitambaa kila mara, kisha rudia.

*Rangi imepasuka nyufa ndogondogo juu ya mkanda.* Ilipakwa nene, au kabla ya kipindi cha kupokea rangi kilichoandikwa kwenye katriji kufika. Subiri sila ikauke kabisa, sugua rangi hiyo taratibu bila kuikata sila, na upake mikono myembamba.

*Maji bado yanaingia.* Rudia kipimo cha poda na mpira wa maji, ukianzia chini tena. Mara nyingi utakuta kwamba mshono uliotengeneza ni mkavu na maji yanatoka juu zaidi, yakitambaa nyuma ya plastiki mpaka yakafika pale ulipoyaona mara ya kwanza. Kwenye magari ya mizigo yenye mlango mmoja mkubwa wa nyuma, kama Probox, panda mpaka kwenye bawaba za mlango huo na pembe za mfereji wa paa kabla ya kufungua tena sakafu.

*Katriji imebaki nusu.* Acha sila kidogo itokeze mdomoni kama kizibo, ifunge kwa tepu na uiweke mahali penye ubaridi. Katika hewa yetu itadumu siku chache tu, kwa hiyo itumie mapema, pengine kwenye mfereji wa buti wa jirani aliyekuwa akikutazama ukifanya kazi.